Taa zisizimwe ndege ikishapaa: barua ya wazi kwa mamlaka za anga za Afrika Mashariki

Kwa Wakurugenzi Wakuu wa mamlaka za usafiri wa anga na mamlaka za viwanja vya ndege katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nakala kwa CASSOA, wakala wa Jumuiya wa kusimamia usalama wa anga, Entebbe.

Waheshimiwa,

Tunaandika kuhusu jambo moja: injini ya ndege ndogo inapopoteza nguvu usiku. Tunazungumzia Cessna 172, 206 na 210, Piper za injini moja, na Caravan ambayo ndiyo punda wa anga yetu. Ndege hizi hazipai usiku kwa starehe. Mara nyingi zinabeba mgonjwa, damu au dawa, au abiria aliyecheleweshwa na mvua ya alasiri. Kwetu karibu na ikweta giza haliombi ruhusa. Jua likizama saa kumi na mbili na nusu, baada ya dakika 20 hivi huoni tena mpaka wa mbingu na nchi. Rubani aliyepiga hesabu ya kutua "jioni" anajikuta ametua usiku.

Tuanze na ombi lisilogharimu shilingi. Taa za njia ya kurukia ziachwe zikiwaka kwa dakika 20 baada ya ndege ya injini moja kupaa usiku. Injini yenye maji kwenye mafuta, plagi iliyochafuka au tangi lililojazwa mafuta yasiyo yake huonyesha hila zake wakati wa kupanda, ikiwa imefunguliwa nguvu zote. Rubani aliye futi 1,500 injini inapoanza kukohoa anageuza shingo kutafuta kiwanja alichokiacha dakika tatu zilizopita. Kikiwa kimezimwa ili kuokoa umeme, mahali pekee alipokuwa na uhakika napo pamefutika.

Neno "kufeli kwa injini" limetuponza. Wengi wakilisikia wanafikiria injini iliyokufa kimya, panga boi limesimama. Hilo hutokea, lakini linalotokea zaidi ni injini kubakiwa na nusu ya nguvu, au robo, inatetemeka, inashuka mizunguko, inarudi, inashuka tena. ATSB, chombo cha Australia kinachochunguza usalama wa usafiri, kilipitia taarifa za ndege za injini moja kuanzia mwaka 2000 hadi 2010. Kilikuta matukio 242 ya injini kupoteza sehemu ya nguvu baada ya kupaa, na 9 kati ya hayo yaliua. Kwenye yale ambayo injini ilikufa moja kwa moja tangu mwanzo, hakuna lililoua. Sababu si fumbo. Injini ikifa kabisa, rubani hana la kujadili: anashusha pua na kutua mbele. Ikibaki na nusu anaanza kubembeleza. Anavuta pua ili ashike kimo, anageuza kurudi kiwanjani, kasi inaisha, bawa moja linaporomoka. Usiku ni mbaya zaidi kwa sababu hana upeo wa macho wa kumwambia pua imepanda kiasi gani. Juu ya hilo, kwenye ndege nyingi za zamani kipimo cha mlalo wa ndege kinaendeshwa na pampu ya hewa inayozungushwa na injini hiyohiyo inayougua.

Ndiyo maana tunaomba mtihani wa idhini ya kuruka usiku ubadilike. Leo mkaguzi anavuta nguvu hadi chini na kumtazama mwanafunzi akipanga kutua. Avute pia hadi nusu, aiache hapo. Tunachotaka kuona ni hiki: pua inashushwa kwanza, kasi inashikwa (kwenye 172 ni noti 65 hadi 68 kutegemea modeli), na mikono inafuata njia moja bila kurukaruka. Koki ya mafuta ihamishiwe tangi jingine, au kwenye 172 iwekwe pande zote mbili. Pampu ya umeme iwashwe ikiwa ipo. Mchanganyiko wa mafuta na hewa urekebishwe. Hewa ya moto ya kabureta ifunguliwe yote. Halafu magneto, vile vifaa viwili vinavyozalisha cheche za plagi, zijaribiwe moja moja. Hapo wengi husahau: gia ya ndani ya magneto moja ikiruka, magneto hiyo hupiga cheche kwa wakati usio wake na kuisumbua injini nzima. Ukiizima na kubaki na ile nzima, injini inatulia. Rubani asiyejua hilo atatua porini akiwa na injini iliyohitaji tu ufunguo kugeuzwa hatua moja.

Sasa mafuta, na hapa tutakaa kidogo, kwani ndipo mamlaka zina mkono mrefu kuliko rubani.

Ndege iliyolala nje na tangi nusu hukusanya unyevu ndani, na iliyonyeshewa hukusanya zaidi. Cessna za zamani zenye vifuniko vya tangi vilivyolala sawa na ngozi ya bawa hupitisha maji ya mvua mpira wa kifuniko ukikakamaa. Zile zenye matangi ya mfuko wa mpira zina ugonjwa mwingine: mfuko ukipata mikunjo chini, maji hujificha nyuma ya mkunjo. Unamwaga sampuli, unaona mafuta safi, ndege inapaa, pua inainuka, maji yanatiririka kuelekea bomba la kutokea. Dawa yake inajulikana kwa kila fundi mzee. Mkia unashushwa kisha ndege inarudishwa sawa, mabawa yanatikiswa, inaachwa itulie, ndipo sampuli inachukuliwa tena. Cessna 172S ina vitundu 13 vya kumwagia sampuli, vitano kila bawa na vitatu chini ya pua. Mwulizeni mtu anayekagua kwa mwanga wa simu saa mbili usiku amefungua vingapi.

Kikombe chenyewe nacho kina siri zake. Avgas 100LL, petroli ya ndege za pistoni, ni ya buluu. Maji hayana rangi na hukaa chini, hivyo unatafuta mstari unaotenganisha viwili hivyo. Lakini kikombe kikijaa maji matupu mstari haupo. Kinaonekana safi, kinang'aa, na mtu aliyechoka anaridhika. Lazima kishikwe mbele ya kitu cheupe, kimulikwe kwa taa nyeupe, na kinuswe. Taa nyekundu ambayo marubani huitumia kulinda macho yao gizani ni adui hapa, kwa kuwa chini yake buluu huonekana nyeusi. Inaficha pia alama nyekundu kwenye koki.

Kosa la kutia Jet A-1 kwenye injini ya pistoni linaogopesha zaidi kwa sababu halijitangazi. Jet A-1 ni ndugu wa mafuta ya taa. Injini ya 206 iliyojazwa mafuta hayo itawaka, itatembea hadi mwanzo wa njia na pengine itapaa, ikitumia avgas iliyobaki kwenye mabomba. Jet ikifika kwenye silinda, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, joto linapanda, pistoni zinaharibika, nguvu inakwisha. Kwenye vituo vikubwa mdomo wa bomba la Jet umebapwa makusudi ili usiingie kwenye tundu la tangi la avgas. Kwenye viwanja vya porini mafuta hutoka kwenye pipa la lita 200 kwa pampu ya mkono, na kinga hiyo haipo. Kipimo cha haraka ni tone moja kwenye karatasi nyeupe: avgas hukauka isiache kitu, Jet huacha duara la mafuta kama karatasi iliyofungia chapati.

Mapipa yenyewe yahifadhiwe yakiwa yamelala, vizibo viwili vikiwa usawa wa saa tatu na saa tisa za mshale. Pipa lililosimama wima hukusanya maji ya mvua juu ya kifuniko. Usiku linapopoa, hewa ya ndani hujikunja na kuyanyonya maji yale kupitia nyuzi za kizibo. Mwenye pipa ataapa halijawahi kufunguliwa, na atakuwa anasema kweli.

Ombi letu kuhusu mafuta, basi: kila kiwanja kinachoruhusu ndege kuondoka usiku kiwe na taa nyeupe ya kutosha pale ndege zinapojazwa mafuta, meza yenye uso mweupe, dawa ya kutambua maji ya kupaka kwenye kijiti cha kupimia, na daftari. Daftari liandikwe aina ya mafuta, lita, nani alijaza, sampuli ilikuwaje, na rubani atie saini. Si urasimu. Ni dakika nne.

Kuishiwa mafuta kuna hesabu yake. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa ndege zisizo za biashara zinadai akiba ya dakika 30 kwa safari ya mchana ambayo rubani anaongozwa na macho yake, na 45 usiku. Kwa 172 inayokunywa lita 34 kwa saa, dakika 45 ni lita 25 na nusu, yaani ndoo moja ya lita 20 na robo ya nyingine. Geji za mafuta za ndege hizi si za kuaminiwa. Kijiti kichovywe tangini kabla ya giza. Na kuishiwa si lazima tangi zote ziwe tupu. Piper za PA-28 hazina nafasi ya "pande zote" kwenye koki: unakunywa kushoto au kulia. Koki iko ukutani karibu na goti la kushoto la rubani, gizani, na tangi likikauka injini inazima huku lita 60 zimelala bawa la pili.

Kuna adui mwingine ambaye watu wa pwani hawamwamini hadi waonyeshwe: barafu. Barafu Dar es Salaam, saa tatu usiku, nyuzi 25? Ndiyo. Ndani ya koo la kabureta hewa inapanuka na mafuta yanageuka mvuke, na vyote viwili vinanyonya joto. Hewa inaweza kupoa nyuzi 20 au zaidi. Ripoti ya hali ya hewa ikisomeka 25/23, yaani joto nyuzi 25 na umande kutona kwenye nyuzi 23, hewa imejaa unyevu, na rubani akipunguza nguvu kushuka kuelekea kiwanjani barafu inaweza kujijenga kwenye kipepeo cha kabureta. Mombasa, Tanga, Zanzibar na Mtwara usiku ni hivyohivyo, na kando ya Ziwa Victoria pia. Kwenye panga boi lisilobadilika pembe dalili ni mizunguko kupungua polepole. Kwenye lile linalojirekebisha mizunguko haibadiliki, kinachoshuka ni kipimo cha mgandamizo wa hewa inayoingia kwenye injini, na gizani ni rahisi kukipita.

Ukivuta hewa ya moto, kwanza mambo yanakuwa mabaya. Mizunguko inashuka zaidi, injini inatetemeka, inameza maji ya barafu inayoyeyuka. Rubani asiyefundishwa anaogopa, anarudisha kishikio, na hapo amejifungia barafu iliyobaki. Anatakiwa avumilie hadi mizunguko ipande yenyewe. Vitabu vya masomo vinavyotumika kwetu viliandikwa kwa nchi za baridi, na mwanafunzi wa Dar anasoma sura hiyo kama hadithi ya watu wengine. Tunaomba maswali ya mtihani yatumie ripoti za viwanja vyetu.

Nairobi na Arusha mambo yanageuka. Wilson, kiwanja cha ndege ndogo cha Nairobi, iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo inaondoka pale ikiwa imeshapungukiwa na kama sehemu moja ya sita kabla kitu chochote hakijaharibika. Rubani aliyezoea pwani akiacha mchanganyiko umejaa mafuta anaongeza hasara, plagi zinaweka masizi na injini inapanda kwa manung'uniko. Arekebishe mchanganyiko akiwa bado ardhini, nguvu zote zimefunguliwa, hadi apate mizunguko ya juu kabisa. Ndege ya injini mbili nyepesi, iliyojaa, hapo Wilson ikipoteza moja huenda isipande kabisa, kwa hiyo injini ya pili isihesabiwe kama kibali cha kupuuza barua hii.

Kuhusu matengenezo tutakuwa wafupi, maana mafundi wanayajua: magneto zifunguliwe na kukaguliwa kila saa 500, mgandamizo wa silinda usiachwe chini ya 60 kwa 80 (silinda ikipewa hewa ya 80, ishikilie walau 60), na ndege inayoruka usiku iwe na kipimo cha joto kwa kila silinda.

Caravan inastahili aya yake. Injini ya PT6A ni imara, lakini ina tabia moja ambayo kila rubani wa usiku aijue mikononi. Kifaa kinachopima mafuta hutegemea hewa inayotoka kwenye kompresa kupitia bomba jembamba. Bomba hilo likipasuka au nati yake ikilegea, kifaa kinabana mafuta hadi kiwango cha chini kabisa. Injini haizimi, inabaki ikinguruma taratibu kama gari lililoachiwa pedali, na kusukuma wenzo wa nguvu hakusaidii kitu. Pembeni kuna wenzo wa dharura unaopeleka mafuta bila kupitia kipimo hicho. Usukumwe polepole, jicho likiwa kwenye joto la turbini, kwani hauna breki: ukiupeleka kwa pupa unaiunguza injini uliyotaka kuiokoa. Zoezi hili lifanyike kwenye kila jaribio la mara kwa mara la rubani, si kusimuliwa darasani.

Kwa ndege za abiria za injini moja ya turbini usiku, Kiambatisho cha 6 cha ICAO tayari kimetaja masharti. Miongoni mwake ni mifumo miwili tofauti ya kuzalisha umeme, vipimo viwili vya mlalo vyenye vyanzo tofauti vya nguvu, altimita ya redio, rada ya hali ya hewa, ufuatiliaji wa mwenendo wa injini, taa ya kutulia isiyotegemea magurudumu, na mfumo wa uelekezi uliowekewa maeneo ya kutua kwa dharura. Hilo la mwisho ndilo tunaloligombania. Mfumo hauwezi kuonyesha kiwanja ambacho hakuna aliyekihakiki. Mamlaka itoe orodha moja, isasishwe kila robo mwaka: kiwanja gani kina taa, nani anaziwasha, simu gani inapokelewa usiku, nyasi zina urefu gani, ng'ombe wanalala wapi. Msicheke, ng'ombe hupenda njia ya kurukia kwa sababu udongo wake una joto.

Kuweka taa si mradi wa mabilioni. Kwa njia isiyo ya kutulia kwa vyombo, ICAO inaruhusu taa za pembeni zipishane hadi mita 100. Njia ya mita 1,200 inahitaji taa 13 kila upande, jumla 26, na zisizopungua sita kila mwisho. Zipo taa za sola za kubebeka zinazofanya kazi hiyo. Kinachoziua ni betri zisizobadilishwa na stoo iliyofungwa na mtu aliyeondoka na ufunguo.

Njia za usiku nazo zipangwe kwa hesabu ya kuteleza. Cessna 172 isiyo na injini husafiri kilomita 2.8 hivi kwa kila futi 1,000 inazopoteza, pakiwa hakuna upepo. Mkondo kati ya Bagamoyo na Unguja una kilomita 35 au zaidi kidogo. Ukiuvuka kwa futi 3,500 unateleza kilomita 10 tu, kwa hiyo katikati pana kilomita 15 ambazo ukizimikiwa, ni bahari. Kwa futi 7,500 unateleza kilomita 21 na pengo linajifunga, mradi kusi au kaskazi haikupigi usoni. Njia ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam inapita juu ya maji sehemu ndefu zaidi. Tunaomba waongoza ndege waruhusiwe kuipa ndege ya injini moja kimo cha juu na mvuko wa kaskazini bila kubishana, na kila anayevuka usiku awe amelivaa jaketi la kujiokolea, si kulikalia.

Na kama ndege imeshatua mahali isipopaswa? Satelaiti za uokoaji ziliacha kusikiliza masafa ya megahertz 121.5 tarehe 1 Februari 2009. Kifaa cha kuita msaada cha masafa hayo pekee kinapiga kelele ambayo satelaiti haisikii. Kila ndege inayoruka usiku iwe na kifaa cha megahertz 406, kimesajiliwa kwa namba ya simu inayopatikana, na betri yake haijapita tarehe. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege aina ya ATR 42 ilitumbukia Ziwa Victoria karibu na kiwanja cha Bukoba, asubuhi kweupe, watu wakiitazama. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi. Watu 43 walikuwemo, 19 walikufa. Chanzo kilikuwa kingine, lakini swali letu ni hilohilo: saa nne usiku, ndege ndogo, maili nne kutoka nchi kavu, nani anatoka na boti ya nani?

Mwisho, taarifa. Injini iliyokohoa kisha ikarudi, rubani akatua salama, mara nyingi haiandikwi popote, kwani mwenye ndege anaogopa kufungiwa na rubani anaogopa leseni yake. Anzisheni fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, isiyomwadhibu anayejaza kwa hiari, inayouliza mambo manane: aina ya ndege, saa, kimo, joto na umande, tangi lililotumika, mafuta yalitoka wapi, dalili ya kwanza, na kilichorudisha nguvu. Zikusanywe CASSOA na kutangazwa kila miezi sita bila majina. Rasimu ya fomu hiyo tumeshaiandaa, pamoja na jedwali la vimo vya kuvukia mkondo na orodha ya vifaa vya meza ya mafuta. Tuko tayari kuvileta tukiitwa.

Kwa heshima,

Sisi marubani, wakufunzi na mafundi wa injini za ndege ndogo, Afrika Mashariki